Kurusha Droni Ndogo kwa Python: Mwongozo Kamili kwa Klabu za Shule Mtwara na Lindi

Klabu nyingi zinakwama palepale. Droni imenunuliwa, programu imenakiliwa neno kwa neno, wanafunzi wamejipanga ukutani, kitufe kinabonyezwa, na hakuna kinachotokea. Au droni inapaa, inayumba kuelekea dirishani na kudondoka. Lawama zote anatupiwa aliyeandika programu.

Mara nyingi programu haina kosa. Kompyuta imehamia Wi-Fi nyingine kimyakimya, sakafu inang'aa kupita kiasi, au betri imeisha. Kwa hiyo hatua hizi zimepangwa kama ngazi, na kila moja ina kipimo chake. Usipande ya pili kabla ya kwanza haijakubali, hata wanafunzi wakikusukuma vipi.

Droni tunayotumia ni Tello ya kampuni ya Ryze. Ina uzito wa takriban g 80, inakuja na kinga za mapanga (propela zinazozunguka), na inapokea amri za maandishi kupitia Wi-Fi. Tello EDU inafuata hatua hizihizi. Angalizo kwa mnunuzi: zipo droni za kuchezea zinazofanana nayo kwa sura na bei ni ya chini, lakini hazipokei amri kutoka kwenye kompyuta. Muulize muuzaji kama ina SDK, yaani njia ya kuipa amri kwa programu unayoandika mwenyewe. Akianza kuzungukazunguka, achana nayo.

## Vifaa

- Tello 1 yenye kinga zote nne za mapanga
- Betri 3 za Tello (moja inaruka, moja inapoa, moja inachajiwa)
- Seti 1 ya mapanga ya akiba
- Chaji ya simu ya V 5 na waya wa micro USB. Pawabenki kwa siku umeme unapokatika
- Kompyuta mpakato 1 yenye Wi-Fi. Windows au Linux, hata ya zamani
- Simu 1 yenye bando, kwa siku ya kwanza tu
- Mikeka 2 ya ukindu yenye rangi na michoro
- Mawe au vipande 8 vya tofali, futi ya kupimia, chaki, gundi ya karatasi (ile ya utepe, masking tape)
- Miwani ya kukinga macho kwa watakaosimama karibu

Betri na mapanga ya akiba yaagizeni pamoja na droni. Ukisubiri panga livunjike ndipo uagize kutoka Dar, klabu italala wiki nzima kwa kipande cha plastiki.

## Kibali kwanza

Droni ni chombo cha anga, na usajili na vibali viko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, yaani TCAA. Mkuu wa shule aandike barua kuuliza masharti ya matumizi ya shuleni kabla hamjanunua, aeleze uzito wa droni na kwamba itarushwa ndani ya ukumbi. Jibu likifika, nakala ikae kwenye faili la klabu. Ofisi ya serikali ya mtaa nayo ipewe taarifa. Mtwara ni mkoa wa mpakani, na kitu kinachoruka kikiwa na kamera hakichukuliwi kimzaha.

Mazoezi yote ya mwongozo huu ni ya ndani. Ufuo wa Shangani, Mtwara, unavutia sana, lakini ndio mahali pabaya kuliko pote pa kuanzia: upepo wa kusi unaipeperusha droni ya g 80, mchanga unaingia kwenye mota, na kamera ya tumboni haiwezi kujishika juu ya maji. Mita chache tu na imeondoka.

## Hatua ya 1: Andaa sakafu, kisha chumba

Hatua hii ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu, na ndiyo inayoangusha droni nyingi.

Tello haina GPS. Inajua iko wapi kwa kutazama chini: kamera ndogo tumboni inafuatilia madoa na mistari ya sakafu, na kipimio cha miale ya infraredi kinapima urefu. Sakafu ya sementi iliyosuguliwa ikang'aa, au vigae vyeupe vitupu, haviipi kitu cha kushika. Inabaki inaelea ikisukumwa na kila hewa inayopita.

Dawa yake ipo nyumbani. Tandika mikeka miwili ya rangi ikigusana, upate eneo la angalau m 2 kwa m 2. Michoro ya zambarau, kijani na wekundu ndiyo hasa kamera inayotafuta. Mkeka mweupe usio na rangi hausaidii sana. Weka mawe kwenye kingo zote, maana upepo wa mapanga unainua ukingo wa mkeka, na ukingo ukiinuka droni inadhani ardhi imesogea. Kanga usitumie: inapeperuka. Nyuzi za ukindu zilizochomoka zikate kwa mkasi. Uzi mmoja ukijisokota kwenye mhimili wa mota, mota inakwama.

Kisha chumba:

1. Ondoa madawati kwenye eneo la m 5 kwa m 5. Usiache hata kiti kimoja katikati. Droni ikipita juu ya kiti, kipimio kinaona ardhi imekaribia ghafla na droni inaruka juu, pengine hadi kwenye pangaboi.
2. Zima pangaboi zote. Funga madirisha ya upande unaotoka upepo.
3. Hakikisha kuna mwanga wa kutosha. Saa nne asubuhi panafaa. Jioni kwa taa moja hapafai.
4. Chora kwa chaki mstari wa watazamaji, m 2 nje ya eneo la kurukia. Mwenye nywele ndefu au ushungi uliolegea aufunge vizuri.

Utajua umefaulu: ukisimama katikati ya mkeka, hewa haikugusi usoni, na unaona michoro ya mkeka bila kukaza macho.

## Hatua ya 2: Iwashe kwa simu mara moja

Tello mpya inahitaji kuamshwa kwa programu yake ya simu, na simu inahitaji intaneti. Fanya hivi siku moja kabla ya kipindi, ukiwa na bando. Kubali maboresho yakitolewa, huku betri ikiwa imejaa. Ipaishe kwa kidole, iache ielee kwa sekunde 20 juu ya mkeka.

Ikibaki mahali pamoja, au ikisogea kidogo tu, mota na sakafu viko sawa. Ikipinduka pale inapoanza kupaa, mapanga yamechanganywa. Yapo ya aina mbili, na yaliyo kwenye kona zinazotazamana kimshazari ndiyo ya aina moja. Ukibadilisha panga, toa moja, linganisha na jipya, funga, ndipo uende kwa jingine. Anayeyatoa yote manne kwa mpigo hujitafutia kazi.

Funga kabisa programu ya simu na uzime Wi-Fi yake. Simu iliyobaki imeunganishwa itakusumbua kwenye hatua ya 4.

## Hatua ya 3: Python na droni bandia

Pakua Python, lugha ya kuandikia programu zetu, kwenye tovuti ya python.org. Faili halifiki MB 40, na likishapakuliwa mara moja linasambazwa kwa flashi kwenye kompyuta nyingine. Wakati wa kusakinisha kwenye Windows, weka tiki kwenye kisanduku cha "Add python.exe to PATH". Ukikisahau, utaambiwa Python haipo ilhali ipo.

Hatupakui kitu kingine. Mafunzo mengi huanza na maktaba kubwa (programu saidizi zilizoandikwa na wengine) zinazomaliza bando, wakati Tello inasikia maandishi ya kawaida yanayotumwa kwa njia ya UDP, yaani ujumbe mfupi kupitia mtandao, na Python inakuja na uwezo huo tayari.

Sasa, kabla ya kugusa droni halisi, tengeneza ya kuigiza ndani ya kompyuta. Wanafunzi 30 wanaweza kujaribu programu zao bila kutumia hata tone la betri. Hifadhi faili hili kwa jina `bandia.py`:

```
import socket

s = socket.socket(socket.AF_INET, socket.SOCK_DGRAM)
s.bind(("127.0.0.1", 8889))
print("Droni bandia iko tayari")

while True:
    ujumbe, mteja = s.recvfrom(1024)
    amri = ujumbe.decode("utf-8").strip()
    jibu = "80" if amri == "battery?" else "ok"
    print(amri, "->", jibu)
    s.sendto(jibu.encode("utf-8"), mteja)
```

Faili la pili ni `rubani.py`:

```
import socket
import time

DRONI = ("127.0.0.1", 8889)

s = socket.socket(socket.AF_INET, socket.SOCK_DGRAM)
s.bind(("", 9000))
s.settimeout(20)

def tuma(amri):
    print("Natuma:", amri)
    s.sendto(amri.encode("utf-8"), DRONI)
    try:
        data, _ = s.recvfrom(1024)
        jibu = data.decode("utf-8", "ignore").strip()
    except socket.timeout:
        jibu = "KIMYA"
    print("Jibu:", jibu)
    return jibu

if tuma("command") != "ok":
    raise SystemExit("Hakuna mawasiliano na droni")

betri = tuma("battery?")
if not betri.isdigit() or int(betri) < 40:
    raise SystemExit("Chaji betri kwanza")

try:
    if tuma("takeoff") == "ok":
        time.sleep(3)
finally:
    tuma("land")
```

Wanafunzi wasinakili tu. Waelezwe sehemu nne. Amri ya `command` lazima itangulie zote, la sivyo droni haisikilizi nyingine yoyote. `strip()` ipo kwa sababu jibu la betri linakuja na alama za mstari mpya zisizoonekana. `tuma` inasubiri jibu kabla ya kuendelea, maana droni hufanya jambo moja kwa wakati. Na `finally` inahakikisha amri ya kutua inatumwa hata programu ikigoma katikati. Mwanafunzi akiuliza kwa nini isiandikwe tu mwishoni, mwambie aondoe `try` na `finally` zake, aweke kosa la makusudi baada ya `takeoff`, kisha aangalie droni bandia imepokea nini.

Usiliite faili lolote kwa jina `socket.py`. Python italisoma hilo badala ya la kwake, na makosa yatakayotokea hayaeleweki hata kwa mwalimu.

Washa `bandia.py` kwenye dirisha moja la amri (andika `python bandia.py`), kisha `rubani.py` kwenye jingine. Ukiona `ConnectionResetError` kwenye Windows, droni bandia haijawashwa.

Utajua umefaulu: dirisha la droni bandia linaonyesha `command`, `battery?`, `takeoff`, `land`, kwa mpangilio huo.

## Hatua ya 4: Unganisha Wi-Fi, kisha uliza betri tu

Weka droni juu ya mkeka, kamera ya mbele ikitazama mbali na watu. Iwashe. Taa ya mbele ikianza kumetameta njano harakaharaka, Wi-Fi yake iko tayari. Kwenye kompyuta chagua mtandao unaoanza na `TELLO-`.

Kompyuta italalamika kwamba hakuna intaneti. Ni kweli haipo, na haihitajiki. Shida ni kwamba Windows ikiona hivyo, na kuna Wi-Fi ya shule au simu ya mwalimu iliyozoeleka, inaweza kurudi huko bila kuaga. Ondoa alama ya kujiunganisha yenyewe kwenye mitandao hiyo yote kabla ya kuanza.

Kwenye `rubani.py` badilisha mstari mmoja:

```
DRONI = ("192.168.10.1", 8889)
```

Usipaishe bado. Weka alama ya `#` mbele ya kila mstari kuanzia `try:` ya pili, ile iliyo juu ya `takeoff`, hadi mwisho, kisha endesha. Windows ikiuliza kama Python iruhusiwe kwenye mtandao, ruhusu mitandao yote miwili, wa binafsi na wa umma, kwa sababu Wi-Fi ya droni huhesabiwa kuwa ya umma.

Ukipata KIMYA, fuata mpangilio huu: angalia uko kwenye Wi-Fi ipi, angalia simu imefungwa, zima droni na uiwashe upya, mwisho kabisa angalia Windows Firewall (kizuizi cha mtandao cha Windows). Wengi huanzia na la mwisho na kupoteza kipindi.

Kama shule ina droni mbili au zaidi, hapa pana hatari ya kweli. Anwani ya kila Tello ni hiyohiyo, 192.168.10.1. Programu haijui inaongea na ipi. Inaipaisha ile ambayo kompyuta imeungana nayo. Mwanafunzi akichagua mtandao wa kundi la jirani, droni ya jirani itapaa mkononi mwa mtu. Andika herufi za mwisho za jina la Wi-Fi kwenye kipande cha gundi ya karatasi, kibandike juu ya droni na kingine juu ya kompyuta yake. Pia weka nywila kwa kutumia programu ya simu.

Utajua umefaulu: `Jibu: ok`, kisha namba ya betri. Rudia mara tatu mfululizo. Tatu, si moja.

Droni ikikaa imewashwa chini bila kuruka, inapata joto haraka kwa kukosa upepo wa mapanga, na ikizidiwa inajizima. Mkijadili jambo, izimeni.

## Hatua ya 5: Kupaa na kutua

Gawa kazi kwa watu watatu. Rubani yuko kwenye kompyuta. Msomaji anasoma majibu kwa sauti. Mlinzi wa uwanja anasimama kwenye mstari wa chaki, na yeye peke yake ndiye mwenye kauli ya kuanza. Rubani anauliza, "Uwanja?" Mlinzi anatazama pande zote na kujibu, "Uko wazi." Bila jibu hilo hakuna kubonyeza. Inaonekana kama mchezo wa kuigiza, lakini ndiyo inayozuia mtu kuinama kuokota kalamu wakati mapanga yanaanza.

Ondoa alama za `#` na uendeshe. Droni inapaa hadi karibu m 1, inaelea sekunde chache, inatua.

Jambo likiharibika hewani, usiikimbilie kuidaka. Funga dirisha la programu na usubiri: Tello isipopokea amri yoyote kwa sekunde 15 hujitua yenyewe. Sekunde hizo ni ndefu ukiwa unatazama, ndiyo maana eneo la kurukia likaachwa wazi. Amri ya `emergency` ipo, ila inazima mota papo hapo na droni inadondoka kama jiwe. Iwe kwa dharura ya kweli tu.

Utajua umefaulu: inatua juu ya mkeka huohuo mara tatu mfululizo.

## Hatua ya 6: Mraba

Hapa ndipo somo la lupu (kurudiarudia amri) linapopata miguu. Badilisha sehemu ya `try` ya mwisho:

```
try:
    if tuma("takeoff") == "ok":
        for upande in range(4):
            if tuma("forward 100") != "ok":
                break
            if tuma("cw 90") != "ok":
                break
finally:
    tuma("land")
```

Umbali ni sentimita, kuanzia 20 hadi 500. Mwanafunzi anayeandika `forward 2` akimaanisha mita mbili atarudishiwa kosa, na hilo halina madhara. Wa kumwogopa ni yule anayeandika `forward 500` kwa majaribio: hizo ni mita tano kamili, na ukuta uko karibu. Weka sharti la klabu kwamba hakuna namba inayozidi 100 bila mwalimu kuona. `cw` ni kugeuka kulia kwa digrii, `ccw` kushoto. Amri zote ni herufi ndogo, na nafasi moja tu kabla ya namba.

`break` ina sababu. Upande mmoja ukikataliwa na programu ikaendelea, droni itageuka mahali pasipo, na upande unaofuata utaelekea kwa watazamaji. Isitoshe, jibu lililochelewa huja kusomwa kama jibu la amri inayofuata, na kuanzia hapo kila jibu ni la amri iliyopita. Likitokea la KIMYA, tua, anza upya.

Kabla ya kurusha, rudisha `DRONI` kuwa `127.0.0.1` na uendeshe programu hii kwenye droni bandia. Kisha mwanafunzi mmoja aitembee kwa miguu juu ya mkeka, hatua kwa hatua, mwenzake akimsomea amri. Makosa ya kulia na kushoto yote hujitokeza hapo.

Utajua umefaulu: inatua ndani ya nusu mita kutoka ilipoanzia. Usidai zaidi. Kila kona inaongeza kosa dogo, na hakuna GPS ya kulisahihisha. Pima kosa hilo kwa futi katika majaribio matano mtakayoandika ubaoni. Walimu wa hisabati wanaweza kulitumia kufundisha wastani.

## Majibu ya makosa mtakayokutana nayo

`error No valid imu`: droni haioni sakafu vizuri. Ongeza mwanga au rudisha mkeka. Taa ya njano inayometa polepole inasema jambo hilohilo.

`error Motor stop`: umeiambia isogee wakati mota zimesimama, au panga limezuiwa. Kagua nyuzi.

`out of range`: namba iko nje ya kiwango.

Inaruka vizuri asubuhi, inayumba mchana: mwanga wa jua unaopita mlangoni umefika kwenye mkeka na kuuunguza kwa weupe, au upepo wa bahari umeanza. Funga mlango.

## Betri

Mtengenezaji anataja dakika 13 za kuruka kwa chaji. Panga kipindi chako kwa dakika 8, ili usikutwe na betri tupu droni ikiwa katikati ya ukumbi. Chaji moja huchukua saa moja na nusu hivi, betri ikiwa ndani ya droni iliyozimwa. Iliyotoka kuruka iache ipoe hadi isiunguze kiganja ndipo uichaji. Iliyovimba haichajiwi tena, hata kama bado inaonyesha asilimia.

Likizo ya Juni na Desemba, ziacheni zikiwa na nusu ya chaji kwenye kopo kavu lenye mfuniko, mbali na dirisha. Hewa ya chumvi ya Mikindani au Kilwa inakula vishikio vya shaba taratibu.

## Mkitaka kamera

Mraba ukishakubali, maktaba ya `djitellopy` inafungua njia ya video. Isakinishe penye intaneti nzuri, kwa sababu inavuta pia OpenCV (maktaba ya kuchakata picha) na wenzake ambao ni wazito: `pip install djitellopy`. Kosa la kwanza mtakaloliona huenda likawa `Did not receive a state packet from the Tello`. Maktaba hii, tofauti na programu yetu, inasubiri pia taarifa zinazoingia kupitia mlango wa mtandao (port) 8890, na video inaingia kwa 11111. Hapo ndipo Windows Firewall inakuwa mshukiwa wa kwanza: fungulia Python milango hiyo miwili kwenye mtandao wa umma, zima droni, iwashe, jaribu tena.